Kiswahili Ukumbini: Mada au Mzungumzaji?

Hoja iliyo mezani ni nyepesi kuitamka na nzito kuikubali: kongamano lolote la kitaaluma linalojadili Kiswahili, liwe la maktaba za kidijitali au la teknolojia ya lugha, liwe na kikao kinachoendeshwa kwa Kiswahili, na kikao hicho kipewe mamlaka ya kukagua kazi zinazowasilishwa. Sisemi kikao cha kupamba ratiba baada ya ngoma ya ufunguzi. Nasema kikao cha kukagua. Ninaitetea hoja hii, lakini sitaitetea peke yangu. Nimewaalika wapinzani wanne ambao maneno yao husikika kila jambo hili linapoguswa. Nimewapa majina ya kazi zao tu, kwa sababu ni sauti za hoja, si za watu fulani: Mhandisi, Mkutubi, Mhasibu na Msemaji wa Lugha za Jamii. Mkutubi ataonekana mwanzoni kama yuko upande wangu. Msomaji asidanganyike.

Kabla hawajaanza, tuelewane kuhusu ukumbi wenyewe. Makongamano yanayohusika ni ya koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa maktaba za kidijitali: Wazungu wa Ulaya walianza mkutano wao mwaka 1997 huko Pisa, Italia, na sasa unaitwa TPDL; Waasia wakaanzisha wao, ICADL, Hong Kong mwaka 1998; Marekani nako mikutano miwili iliyokuwa ikienda sambamba iliunganishwa mwaka 2001 ikawa JCDL. Ukoo wa pili ni wa teknolojia ya lugha: ACL, chama chenye umri wa zaidi ya miaka 60, pamoja na EMNLP na LREC, huu wa mwisho ukiwa ulianza Granada mwaka 1998 na kufika Marrakech mwaka 2008. Ukoo wa kwanza hushughulika na namna ya kuhifadhi maandishi na kuyafanya yapatikane. Wa pili hushughulika na namna ya kuifanya mashine isome, itafsiri na ijibu. Kwa Kiingereza koo hizi zinaweza kuishi mbalimbali bila hasara kubwa, kwa kuwa maandishi yamejaa kwenye intaneti na mhandisi huyachota bila hata kujua kuwa yuko mkutubi aliyeyahifadhi. Kwa Kiswahili haiwezekani. Gazeti la Mambo Leo lilianza Tanganyika mwaka 1923. Toleo lake lililo kwenye rafu bila kupigwa picha halipo kwa mashine, na lililopigwa picha bila kugeuzwa kuwa maandishi yanayotafutika lipo kwa jina tu. Kwetu swali la maktaba na swali la mashine ni swali moja, na ndiyo maana ninayazungumza pamoja.

Mhandisi anaomba kuanza. "Sayansi ina lugha moja ya kazi, nayo ni Kiingereza. Mtafiti wa Nairobi anataka asomwe Seoul na São Paulo, na hatasomwa kwa Kiswahili. Isitoshe, kilichowazuia Waafrika kuingia ukumbini hakikuwa lugha. Ilikuwa viza. Mwaka 2018, kongamano la NeurIPS lilipofanyika Montreal, watafiti wengi wa Kiafrika walioalikwa kwenye warsha ya Black in AI walinyimwa viza za Kanada. Mwaka uliofuata, Vancouver, yakarudi yale yale. Dawa ikawa kuhamisha ukumbi. ICLR, kongamano jingine la aina hiyo, ilipangwa kufanyika Addis Ababa mwaka 2020, korona ikaipeleka mtandaoni, lakini mwaka 2023 ikatua Kigali. Mkutano wa Kiafrika wa Deep Learning Indaba ulianza Johannesburg mwaka 2017 na kufika Nairobi mwaka 2019. Mtandao wa Masakhane, wa watafiti wa teknolojia ya lugha za Kiafrika, ukatoa MasakhaNER mwaka 2021, mkusanyo wa habari zilizowekwa alama za majina ya watu, mahali na taasisi kwa lugha 10 za Kiafrika, Kiswahili, Kinyarwanda, Luganda na Dholuo zikiwemo. Yote hayo yalifanywa kwa Kiingereza, na Kiswahili kikanufaika. Sasa unataka kutuongezea nini?"

Nakubaliana naye karibu katika kila tukio alilotaja. Viza ni ukuta, na kuubomoa ni haki. Rwanda, ambayo tangu mwaka 2018 imekuwa ikiwapa wageni wa nchi zote viza wanapowasili, ilistahili kuwa mwenyeji. Lakini tazama alichothibitisha: kwamba ukumbi unaweza kuhama. Hakuthibitisha kwamba ukumbi ukihama, kazi inayofanyika ndani yake inakaguliwa na watu wapya. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, sheria ilipopitishwa, na bado makala zote za ICLR ya Kigali ni za Kiingereza, kama ambavyo zingekuwa mkutano ungefanyika Vienna. Siwalaumu waandaaji, kongamano lile ni la mashine kujifunza kwa jumla wala si la lugha za Kiafrika. Ninachosema ni kwamba jiografia ya mkutano na lugha ya mkutano ni mambo mawili, na kulitatua la kwanza kumetufanya tujisikie tumelitatua la pili. Mtu anayezungumza Kiswahili vizuri kuliko wote waliomo ukumbini anaweza kuwa ndiye asiyeweza kuuliza swali.

Hasara ya jambo hilo inapimika, na ushahidi ninaoutegemea umetoka kwa wahandisi wenyewe. Mwaka 2022 jarida la TACL, ambalo makala zake huwasilishwa kwenye makongamano ya ACL, lilichapisha ukaguzi wa hazina tano za maandishi zilizokusanywa na mashine kutoka kwenye intaneti na kutumiwa sana kufundishia programu za tafsiri. Watafiti wengi, baadhi yao wa Masakhane, waliketi wakasoma kwa macho mikusanyo 205 ya lugha mbalimbali iliyomo katika hazina hizo. Angalau 15 kati yake haikuwa na maandishi yoyote yanayofaa. Sehemu isiyo ndogo ya mingine ilikuwa na chini ya nusu ya sentensi zinazokubalika. Mikusanyo kadhaa ilikuwa imepachikwa jina la lugha isiyokuwa yake. Hazina hizi hazikuwa zimefichwa kabatini. Zilikuwa zimeelezwa kwenye makala, zikapita kwa wahakiki, zikatajwa na makala nyingine, zikatumiwa kutengeneza bidhaa. Katika safari yote hiyo hakuna hatua iliyomtaka msomaji wa lugha husika afungue faili na kusema kama kilichomo ni lugha yake. Utaratibu wa kisayansi ulifuatwa, ila ukaguzi wa pekee ambao ungefaa haukuwa sehemu ya utaratibu.

"Umesoma nusu ya makala," Mhandisi ananikatiza, na kwa kweli ameshika penye nguvu. "Watafiti hao hao wanasema makosa mengi yalikuwa rahisi kuonekana hata kwa mtu asiyeimudu lugha husika. Basi huhitaji kikao cha Kiswahili. Unahitaji mhandisi makini mwenye dakika kumi." Ni kweli wanasema hivyo, na ninaona kwamba jambo hilo linaitia hoja yangu nguvu kuliko kuidhoofisha. Kama takataka zilizoonekana hata kwa mgeni zilikaa miaka bila kuguswa, ni nini kimekaa ambacho mgeni hawezi kukiona? Sentensi ya Kiswahili inaweza kuwa na upatanisho sahihi wa ngeli, tahajia safi, na bado isiwe na maana ambayo Mswahili angeitamka. Tafsiri inaweza kuwa laini na ya uongo. Mkusanyo unaweza kuitwa wa Kiswahili na ukawa mahubiri matupu, au lugha ya ofisini tupu, bila sauti ya soko, ya bandari wala ya jikoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mhandisi makini mwenye dakika kumi hajakilalia. Kosa la aina ya kwanza hugunduliwa na umakini. La aina ya pili hugunduliwa na ujuzi wa lugha, na ujuzi huo hautawanyiki kwa kufuata cheti cha Kiingereza.

Kuna ushahidi mwingine ambao hautajwi sana, nao unatoka kwenye historia ya makongamano ya utafutaji wa taarifa. Marekani ilianza mkutano wa TREC mwaka 1992: watu hupewa hazina moja ya maandishi na maswali yale yale, kila mmoja huleta programu yake, na wasomaji huamua jibu lipi linahusika na lipi halihusiki. Hiyo hukumu ya wasomaji ndiyo roho ya jambo lote. Wajapani waliona kwamba mizani hiyo haipimi lugha yao, wakaanzisha NTCIR, iliyokutana kwa mara ya kwanza Tokyo mwaka 1999. Ulaya ikaanzisha CLEF mwaka 2000, Lisbon, pembeni mwa mkutano wa maktaba za kidijitali. Angalia jinsi koo mbili zilivyokaa meza moja. India ikaanzisha FIRE mwaka 2008 kwa lugha zake. Hakuna aliyesubiri aalikwe. Kiswahili nacho kikaingia lini? Mwaka 2023 kulikuwa na shindano la CIRAL, la kutafuta taarifa katika Kihausa, Kisomali, Kiswahili na Kiyoruba, na lilifanyika chini ya FIRE, yaani tulipokelewa kama wageni katika nyumba waliyojijengea Wahindi. Ninawashukuru wenyeji na ninaiheshimu kazi ile. Lakini umbo lake linasema kitu: maswali yaliulizwa kwa Kiingereza, na vifungu vya kutafutwa vikawa katika lugha za Kiafrika. Mwenye kuuliza ni msomaji wa Kiingereza anayetaka kujua kilichoandikwa kwa Kiswahili. Mama wa Tanga anayetaka kuuliza kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiswahili hakuwa ndani ya mchoro wa shindano. Hakuna aliyemfukuza, hakuwapo tu wakati mchoro unachorwa.

Sasa Mkutubi. "Mimi nakubali kwamba wahandisi wanahitaji kukaguliwa," anasema, "na laiti wangetuuliza mapema. Chukua mkusanyo wa JW300, wa maandishi ya Mashahidi wa Yehova katika lugha zaidi ya 300, uliotolewa mwaka 2019. Watafiti wa lugha za Kiafrika waliutumia kwa furaha, kisha ukaondolewa kwa sababu masharti ya tovuti yalikotoka maandishi hayakuruhusu matumizi hayo. Mkutubi yeyote angeuliza habari ya ruhusa kabla ya kuuliza idadi ya maneno. Ila dawa yako siitaki. Kongamano ni siku tatu za chai na hotuba. Watu wanapeana kadi, wanapiga picha ya pamoja, wanapanda ndege. Ukitaka kukisaidia Kiswahili, fedha ya ukumbi ninunulie mashine za kupigia picha vitabu, niajirie vijana wawili wa kuorodhesha, unilipie umeme. Kikao cha lugha yoyote hakijawahi kuokoa karatasi na mchwa."

Hili ndilo pingamizi ninaloliogopa zaidi, kwa sababu msemaji wake anaijua kazi. Nami nitalijibu kwa kazi ile ile anayoipenda: miswada ya kale ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Miswada hiyo imetawanyika. Mingi iko SOAS, London, katika makusanyo ya watu kama William Taylor na Alice Werner. Mingine iko Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na orodha yake, iliyoandaliwa na J.W.T. Allen, ilichapishwa Leiden mwaka 1970. Mingine imo misikitini na majumbani Lamu, Pate na Siyu. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha chini ya mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa Maktaba ya Uingereza, mpango wenye masharti mawili ambayo ningependa yaandikwe mlangoni pa kila mradi: karatasi asilia haitoki nchini mwake, na nakala ya kidijitali inawekwa katika taasisi ya nchi hiyo. Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wadukuzi, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Sharti la nakala kubaki nyumbani likaonekana ni busara hata kwa aliyedhani ni adabu tu. Hadi hapo Mkutubi na mimi tunatembea pamoja.

Lakini picha ya mswada si mswada unaosomeka. Hati za Kiarabu kama zilivyotumiwa zamani na Waswahili zina alama tatu za irabu kwa irabu zetu tano, hivyo i na e hushirikiana alama moja, u na o vivyo hivyo. Herufi ya b mara nyingi ilisimama pia mahali pa p, na f mahali pa v. Sauti ya puani katika mb na nd iliachwa mara nyingi bila kuandikwa. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyemsaidia Taylor karne ya kumi na tisa, alijitahidi kurekebisha hati hizo zitoshee sauti za Kiswahili, lakini miswada mingi haikufuata marekebisho yoyote. Kwa hiyo mstari mmoja unaweza kusomeka kwa njia kadhaa, na anayechagua iliyo sahihi ni msomaji anayejua lahaja ya Kiamu au Kimvita, anayejua kwamba kipande cha utenzi kina mizani nane, anayesikia vina vikigongana, na anayekumbuka kisa chenyewe. Programu ya kusoma mwandiko wa mkono haijifunzi yenyewe. Hufundishwa kwa kurasa ambazo mtu kama huyo amekwisha kuzinukuu kwa usahihi. Sasa niulize: mtu huyo yuko wapi? Wengine wako vyuoni, naam. Wengine wengi ni masheikh, malenga, wajukuu wa waandishi, wanawake wanaozihifadhi tungo za bibi zao kichwani. Hawatatuma muhtasari wa Kiingereza wenye maneno 250 kwenye tovuti ya kongamano. Wakitumiwa, hutumiwa kama watoa taarifa, majina yao hupangwa mwishoni kwenye shukrani, na uamuzi wao haupitiwi na mwenzao mwenye ujuzi sawa, kwa sababu katika ukumbi mzima hakuna mwenzao.

Hapo ndipo Mkutubi anapokosea kuhusu siku tatu za chai. Ugomvi wa wajuzi juu ya usomaji wa mstari mmoja ni kazi, tena ni kazi ambayo mashine za kupigia picha haziwezi kuifanya hata zikinunuliwa mia. Katika taaluma nyingine kongamano lipo kwa ajili ya ugomvi huo hasa: unaleta usomaji wako mbele ya wanaoweza kuupinga. Kwa miswada ya Kiswahili wanaoweza kuupinga wameachwa nje, kisha tunashangaa kwamba kongamano ni chai na hotuba. Nampa Mkutubi mashine zake, umeme wake na vijana wake. Ila baada ya miaka miwili atakuwa na picha elfu nyingi zenye maelezo ya orodha yaliyoandikwa na vijana wasiojua kama walichokiorodhesha ni utenzi au ni dua, na hakuna jukwaa litakalomwambia.

Tena si kweli kwamba jambo hili halijawahi kufanyika. Kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, limekuwa likifanyika tangu miaka ya 1980, mawasilisho mengi yakitolewa kwa Kiswahili. Jarida la Swahili Forum huchapisha makala za Kiswahili na husomwa bure. Makongamano ya CHAUKIDU, Chama cha Ukuzaji wa Kiswahili Duniani, huendeshwa kwa Kiswahili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinapokea tasnifu za uzamili na uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa chuo hicho ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice, menyu zote Kiswahili, kwa hiyo hata dai kwamba istilahi za kompyuta hazipo limechakaa kwa muda mrefu. Kilichokosekana ni daraja: wanaojadili Kiswahili kwa Kiswahili huzungumzia zaidi isimu na fasihi, na wanaojadili mashine na maktaba huzungumza Kiingereza. Mfano wa gharama ya kukosa daraja hilo uko Helsinki. Koposi ya Kiswahili inayotajwa sana na wanaisimu ilijengwa huko chini ya Arvi Hurskainen, ambaye mwaka 1992 alichapisha pia kichanganuzi cha maneno ya Kiswahili kiitwacho SWATWOL. Toleo la pili la koposi, la mwaka 2016, lina maneno yapatayo milioni 25. Ni kazi kubwa na ya heshima, na wengi wetu tungekuwa mikono mitupu bila yake. Mwanafunzi wa Dodoma anayetaka kujua Watanzania wanaandikaje huenda kutafuta Ufini. Ufini haina kosa. Kosa ni la vikao vyetu, ambavyo kwa miaka yote hiyo havikuona kuwa koposi ni jambo la kikao.

Mhasibu alikuwa kimya akipiga hesabu. Pingamizi lake ni fupi na nitalijibu kwa ufupi. "Ukalimani ni ghali," anasema, "na karibuni mashine itatafsiri kila hotuba yenyewe. Subirini." Kuhusu gharama: Shirikisho la kimataifa la maktaba, IFLA, lina lugha rasmi saba, na limekuwa likitoa ukalimani kwenye kongamano lake, kwa hiyo hata maktaba, taasisi zisizo na fedha za kuchezea, zimeona ukalimani ni gharama ya kawaida ya mkutano. Kiswahili hakimo katika hizo saba. Na kikao cha Kiswahili kwa watu wanaojua Kiswahili hakihitaji mkalimani hata mmoja. Anayehitaji ni mgeni. Kuhusu kusubiri: ACL ilipoadhimisha miaka 60 mwaka 2022, Dublin, ilitangaza mpango wa kuzifikisha kazi zake katika lugha 60. Ni jambo jema. Seti ya hotuba iliyotolewa kupimia tafsiri chini ya mpango huo ina lugha kumi za kutafsiriwa: Kiarabu, Kichina, Kiholanzi, Kifaransa, Kijerumani, Kijapani, Kiajemi, Kireno, Kirusi na Kituruki. Lugha ya Kibantu hata moja haimo. Anayetuambia tusubiri mashine itufungulie ukumbi anasahau kwamba mashine hiyo inatengenezwa ndani ya ukumbi tulioachwa nje yake.

Amebaki Msemaji wa Lugha za Jamii, na sauti yake ina uchungu. "Tanzania ina lugha zaidi ya 120. Mnalalamika kwamba Kiingereza kimewafungia mlango, kisha mkipewa ufunguo mnatufungia sisi. Kiswahili kina redio, bunge, mitihani, tangu 2022 kina hadhi ya lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na tangu 2021 UNESCO imekipa siku yake, 7 Julai. Kila shilingi ya data ikienda kwa Kiswahili, Kigogo na Kizaramo vinasogea hatua moja kuelekea kaburini. Hata ndani ya Kiswahili chenyewe mnajua mnachokifanya: Kiswahili sanifu kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki tangu 1930 kimejaa kwenye hazina zenu, na Kingwana cha Kongo mnakiita makosa."

Sina jibu la kumridhisha, na sitajifanya ninalo. Sehemu ya pili ya lalamiko lake naichukua yote: mkusanyo unaojiita wa Kiswahili bila kusema ni Kiswahili cha wapi unastahili kurudishwa kwa mwandishi wake. Mwanaisimu wa kompyuta Emily Bender amewahimiza wenzake kwa miaka kutaja lugha wanayoitafiti badala ya kudhania kwamba Kiingereza hakihitaji kutajwa. Sisi nasi tutaje lahaja. Kwa sehemu ya kwanza namwomba apime jambo moja. Mradi wa Kencorpus wa vyuo vikuu vya Kenya ulikusanya Kiswahili, Dholuo na Kiluhya kwa pamoja, hivyo kukua kwa kimoja si lazima kuwe kifo cha kingine. Tena, mzee wa Kigogo anayeweza kumsahihisha mtafiti wa Kigogo, ana uwezekano gani wa kufanya hivyo kwa Kiingereza, na uwezekano gani kwa Kiswahili? Kwa wazee wengi wa Tanzania jibu linajulikana. Kanuni ninayoitetea haisemi kwamba Kiswahili kina haki ya pekee. Inasema kwamba kazi juu ya lugha ikaguliwe na wasomaji wake katika lugha wanayoweza kubishania. Nairobi au Kampala huenda lugha hiyo ikawa nyingine, na ninaikubali kanuni hata itakapokiondoa Kiswahili kwenye kiti.

Mhandisi ana neno moja la mwisho, na ni la haki: kijana wa chuo hupandishwa cheo kwa makala za Kiingereza, na kikao cha Kiswahili hakitahesabiwa. Basi makala ibaki ya Kiingereza. Simtaki mtu achague. Makala ya ACL ipatikane bure kama inavyopatikana leo, isomwe Seoul na São Paulo, lakini data yake ya Kiswahili iwe imepita mbele ya Waswahili kwanza, na muhtasari wake uwepo kwa Kiswahili ili aliyeisahihisha ajue kimeandikwa nini. Mtandao wa Masakhane ulionyesha katika makala yake ya mwaka 2020 kwamba watu wasio na mafunzo rasmi ya fani hii wanaweza kutoa mchango halisi wa kisayansi. Kilichobaki ni kuwatafutia kiti chenye mamlaka.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa waandaaji waliopo karibu, kabla ya wale wa mbali. SCECSAL, mkutano wa vyama vya maktaba vya Afrika Mashariki, Kati na Kusini, na makongamano ya CHAUKIDU yana watu, yana uzoefu, na yana ratiba. Yaunganishe siku moja. Siku hiyo iwe na hazina moja ya maandishi ya Kiswahili yenye ruhusa kamili, maswali yaliyoulizwa kwa Kiswahili na Waswahili wa miji na lahaja mbalimbali, na jopo la wasomaji, masheikh na malenga wakiwemo, watakaotoa hukumu na kulipwa kwa kazi hiyo kama wanavyolipwa wahakiki wa kitaalamu kwingineko. Atakayeleta data bila kutaja ilikotoka, au bila nakala yake kuwekwa katika maktaba ya Dar es Salaam, Nairobi, Zanzibar au Bukavu, arudishwe. Japani ilianza na mkutano mmoja. India vivyo hivyo.